Usiku mmoja Ziwa Jilore kwa wapiga picha: kiongozi mzuri, ratiba mbovu

Safari hii inayouzwa Malindi hukupitisha msitu wa Arabuko-Sokoke mchana, kisha mnalala kando ya Ziwa Jilore, magharibi mwa mji.

Kiongozi peke yake anatosha kuhalalisha bei. Bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1965, anaishi kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu, si kwenye ile miti ya mchanga mweupe, na mchana husinzia kwenye matawi ya chini. Bila mwenyeji utampita hatua mbili na usimwone. Flashi hairuhusiwi, wala kumwita ndege kwa sauti ya simu; na iwe hivyo hivyo. Kwa kuwa hasogei, stendi ya kamera na shata (muda lenzi inaopokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde zinatosha, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, 1600 hadi 3200.

Balaa ni gari, tena kwa kile kinachosifiwa kwenye tangazo: kiyoyozi. Kamera iliyopoa ikikutana na joto la pwani, lenzi hufunga ukungu papo hapo, na ukiifuta unapaka majimaji tu. Mwambieni dereva azime kiyoyozi nusu saa kabla ya kufika, kamera ikae ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto.

Ratiba nayo inawafikisha ziwani jua linazama. Dai muwe mmefika saa kumi jioni, na hema lipigwe ukingo wa mashariki, hata kama kivuli kizuri kiko ng'ambo. Hapo jioni jua linazama mbele yako juu ya maji, na asubuhi linakuwa mgongoni likiwaangaza ndege. Yangeyange weupe juu ya maji meusi huungua kwenye picha, wakabaki doa jeupe tupu. Punguza mwanga kwenye kamera kwa stopu (kipimo cha mwanga) 0.7. Nyota: lenzi ya milimita 24, shata wazi kwa sekunde zisizidi 20, usiku usio na mwezi.

Kabla ya kupiga hema kagua nyasi. Zikiwa zimekatwa fupi na kuna njia iliyokanyagwa kuteremkia majini, hapo kiboko hupita usiku kwenda malishoni. Sogeeni mbali.

Chakula ni wali na samaki, hakina lawama. Maji ya kunywa hayatoshi. Ongeza lita tatu zako.

Ziwa hujazwa na mafuriko ya mto Sabaki, na kiangazi kirefu hulikausha hadi kubaki tope. Kabla ya kutoa malipo ya awali, omba picha ya ziwa iliyopigwa wiki hiyo hiyo.