Mnada wa mashine Morogoro: bei nzuri, winchi ujitegemee

Nina karakana Gerezani, Dar es Salaam, kazi yangu kukereza vyuma. Niliposikia kiwanda kimoja cha nguo Morogoro kinafungwa na dalali anauza mashine, nikapanda basi la alfajiri.

Sifa yao kwanza: tuliruhusiwa kukagua siku moja kabla ya mnada, na umeme ulikuwa haujakatwa. Hilo ni jambo kubwa, jamani. Mashine ya kukereza niliyoitamani niliiwasha, nikasikiliza giaboksi, nikapitisha kidole kwenye reli karibu na kichwa, pale panapolika zaidi. Mkwaruzo mdogo tu. Kompresa sikuigusa. Tangi halikuwa na kibao, na tangi la hewa lisilojulikana lilipimwa lini mimi silali nalo jengo moja.

Mota ndizo zilizoniponza. Ziliuzwa kwa fungu, sita kwa pamoja, "kama zilivyo". Kufika karakana nikazipima kwa mega, kile kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja: mbili nyaya zimegusa bodi, lazima ziwaindiwe upya, yaani zisukwe waya mpya. Hapo silaumu, tangazo lilisema.

Ninacholaumu ni kutoa mzigo. Kulipa asilimia 25 nyundo ikigonga, sawa. Lakini hakuna aliyetuambia mapema kwamba VAT ya asilimia 18 haimo kwenye bei, wala kwamba winchi ya kunyanyulia mashine ni gharama yako na siku za kuondoa mzigo ni tatu tu. Kijana wa getini akanijibu, "Mzee wangu, sisi hapa tunauza tu." Mashine ya tani moja na nusu, nibebe begani?