Darasa la MEMKWA la huku kwetu ziwani, mwaka mzima nimewaangalia wanavyompima mtoto

Wazazi wa Mwanza mnaouliza kama MEMKWA (Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa) ni kupoteza muda, ngoja niseme nilichokiona. Mtoto wa dada yangu ana miaka 12, shule alikuwa haendi kabisa, anashinda ufukweni huku Ilemela anaanika dagaa za watu, nikamchukua nikae naye.

Kwanza nilimpeleka kituo kimoja cha tuisheni, sikitaji jina. Kule kila Ijumaa mtihani, matokeo yanabandikwa ukutani, mtoto anarudi na kikaratasi kimeandikwa wa 33 kati ya 35, Ijumaa nyingine wa 34, basi, hamna kingine. Nikiuliza anakwama wapi naambiwa mama huyu aongeze bidii. Bidii gani jamani na mtoto hatofautishi b na d! Miezi mitatu nimelipa na hilo hakuna aliyeniambia, nililigundua mwenyewe nyumbani, na wakati huo ameshaanza kujificha asubuhi asiende.

Hili darasa la sasa, la MEMKWA, liko ndani ya shule ya msingi ya serikali. Siku ya kwanza hawakumpa mtihani wala nini. Mwalimu alikaa naye kwenye benchi nje akampa aya fupi asome, kila anapokwama mwalimu anaweka alama kwenye daftari, hamkatizi, hamsemeshi. Akamwambia andika jina lako, akaandika herufi tatu akaacha. Halafu akamuuliza, sado 7 za dagaa kwa 4,500 ni shilingi ngapi? Dogo akajibu 31,500 fasta, hata kidole hajahesabia. Haya iandike hiyo namba, akaandika 31000500. Mwalimu akanigeukia akasema mama, huyu hesabu anazo, kinachomshinda ni kuziandika. Nililia pale pale, maana ndo mara ya kwanza mtu ananiambia huyu mtoto ana kitu.

Toka hapo kila mtoto ana daftari lake, kila baada ya wiki mbili anasomeshwa tena aya peke yake na analinganishwa na yeye mwenyewe wa nyuma, sio na jirani yake. Mwezi wa tatu wangu alikwama maneno 19 kwenye aya moja, mwezi wa saba kwenye aya ya urefu uleule akakwama 4, na ule ukurasa wa herufi tatu bado upo mle ndani nimeuona kwa macho yangu.

Kilichofanya nimheshimu zaidi yule mwalimu ni giza. Mnajua dagaa wanavuliwa kwa taa, kipindi cha giza ndo kazi, mbalamwezi ikishawaka mitumbwi inapumzika. Sasa kipindi cha giza nusu ya darasa asubuhi wako ufukweni wanaanika, na wakija wanasinzia. Mwalimu alikaa na daftari la mahudhurio akaliona hilo, kupima kote akakuhamishia wiki za mbalamwezi, anasema nikiwapima kwenye giza napima usingizi wao tu.

Kasoro zipo. Ripoti ya kuleta nyumbani inachelewa mno, ya muhula uliopita nimeipata wiki tatu baada ya kufunga. Mwalimu ni huyo mmoja na msaidizi wa kujitolea, watoto wamepita 40, wa miaka 9 na wa 13 chumba kimoja, kwa hiyo kuna wiki zamu ya mtoto wako kusomeshwa inapita hivihivi. Na yale madaftari yako kwenye boksi la karatasi jamani, mvua ikiingia kumbukumbu za mwaka mzima zimekwenda, nimeomba wawe wanapiga picha kwa simu na sijaona likifanyika. Kiingereza ndo usiseme, wamekazania kusoma, kuandika na kuhesabu, mi naona ni sawa kwa kuanzia ila upimaji wa darasa la nne unakuja, na hawa wa kundi la kwanza, yaani wa umri kama wa huyu wangu, lazima waufanye ndo waingie la tano na wenzao.

Mkienda kuandikisha, popote pale, ombeni kwanza muoneshwe daftari la mtoto mmoja aliyekaa pale miezi sita, wafunike jina kama wanataka. Mkikuta limejaa namba za nafasi tu na hamna hata mstari unaosema mtoto alikuwa hajui nini na sasa anajua nini, mchukueni mwanenu muondoke.