Siagi ya njugu ya kusagiwa papo hapo, Ngara, Nairobi

Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu asiyekula nyama wala maziwa, siagi hii inaishinda ya kopo: ni njugu tupu, haina sukari wala mafuta ya ziada. Gramu 100 zina protini gramu 25 hivi na mafuta karibu 50.

Kagua njugu kabla hazijaingia kwenye mashine. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zikatae, kwa kuwa huenda zina sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na kukaanga hakuiondoi yote. Omba pia kiasi cha kwanza kinachotoka kwenye mashine kitupwe. Mara nyingi hubeba mabaki ya mteja aliyetangulia, wakati mwingine ya simsim.

Usiibebe peke yake ukienda kukimbia milima ya Ngong. Mafuta huchelewesha tumbo, na kwenye mlima kichefuchefu hakikawii. Ponda tende gramu 200 zilizotolewa kokwa, siagi gramu 60, oti zilizosagwa gramu 40 na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Finyanga matonge kumi. Kila moja lina wanga gramu 18 hivi. Mawili au matatu kwa saa yanatosha wengi, pamoja na maji. Tende zikiwa kavu sana, matonge yatapasuka mfukoni, basi loweka tende hizo kwanza dakika kumi na uzikamue vizuri.

Mafuta yakielea juu, koroga tu. Ladha ni nzuri mno, hasa ya njugu zilizokaangwa na maganda. Kifuniko cha chombo cha wauzaji, lakini, huvuja. Nenda na chupa yako ya kioo.