Ruta ya nyumbani: spidi ile ile, raha nyingine

Nianze na swali ninaloulizwa na kila anayeiona ruta yangu, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, pale juu ya kabati: je, imeongeza spidi? Haijaongeza. Ukilipia megabiti 20 kwa sekunde, ruta itawagawia hizo hizo 20, hata iwe na antena nane. Hii yangu ni ya daraja la AX1800, na hiyo 1800 iliyoandikwa kwa mbwembwe kwenye boksi ni hesabu ya dukani: wamechukua megabiti 574 za masafa ya gigahezi 2.4, wakajumlisha na 1201 za gigahezi 5, kisha wakaikweza kidogo ipendeze. Simu yako haitaiona namba hiyo maishani. Pamoja na hayo, hela niliyotoa siijutii.

Awali tulikuwa na modemu peke yake (kifaa kinachotuletea intaneti kutoka kwa mtoa huduma), ya tundu moja. Kebo ikishaingia kwenye kompyuta yangu, wengine wanabaki na bando za simu, na jioni lazima kuwe na ugomvi. Kufunga ruta hakukuhitaji fundi. Kebo ya modemu inaingia kwenye tundu la WAN (la intaneti inayotoka nje), ambalo mara nyingi lina rangi yake peke yake, halafu unazima modemu na kuiwasha tena. Hatua hiyo usiiruke, kwa sababu modemu nyingi hukariri kifaa cha kwanza kilichochomekwa na kukikataa kingine mpaka uziwashe upya. Baada ya hapo unafungua kivinjari, unaandika anwani ya ruta, 192.168.0.1 (nyingine ni 192.168.1.1, soma stika iliyobandikwa chini yake), unabadilisha nenosiri la kiwandani, unachagua WPA3 au WPA2 (aina za ulinzi wa Wi-Fi), unazima WPS (njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN bila nenosiri), basi.

Mtoa huduma anatupa anwani moja tu ya IP, yaani namba ya kututambulisha mtandaoni, maana zile za IPv4 (mfumo wa zamani wa anwani hizo) ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na vifaa vimezidi hapo. Ruta inaichukua hiyo moja, kisha ndani inagawa za kwake; hapa kwangu zote zinaanza na 192.168.0. Laptopu ikiomba ukurasa, ruta inaandika kwenye jedwali lake nani kaomba nini, na jibu likirudi linapelekwa kwa mwenyewe. Anayebisha hodi kutoka nje bila kuitwa hayumo kwenye jedwali, kwa hiyo anaachwa huko huko. Kompyuta iliyochomekwa moja kwa moja kwenye modemu imekaa barazani, kila apitaye anaiona. Ila mtu wa ndani akibofya kiambatisho kibaya, ruta haina la kumsaidia.

Kilichonifanya niandike haya hasa ni QoS, mpangilio wa kuiambia ruta nani apewe kipaumbele. Mimi nafanya kazi kwa vikao vya video, na kilichokuwa kinanimaliza si sinema za watoto. Ni simu ya mwanangu ikianza kupandisha picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupandisha huwa nyembamba kuliko ya kushusha. Simu moja ikiijaza, modemu inarundika foleni, na sauti yangu inawafikia wenzangu kama ya roboti aliye kisimani. Nikasikia tena na tena, "Hatukusikii, mama!" Dawa yake ni hii: pima spidi yako halisi, kisha kwenye ukurasa wa QoS andika pungufu kidogo, tuseme asilimia 90 ya ulichopima, kwa kupandisha na kwa kushusha. Foleni inahamia ndani ya ruta, na ruta ndiyo inayojua kwamba laptopu yangu imepewa kipaumbele. Unajinyima kidogo kwenye kipimo cha spidi, kikao kinatulia. Picha za mwanangu zinapanda polepole na hakuna aliyekufa.

Mtandao wa wageni nao nimeupenda kuliko nilivyotarajia. Shemeji akija anapewa nenosiri lake, anaperuzi anavyotaka, lakini printa na mafaili yetu havioni. Humo humo nimeitupa runinga na kamera ya mlangoni. Waliofuatilia kirusi cha Mirai mwaka 2016 wanajua sababu: kiliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau: mtandao wa ndani hauhitaji intaneti. Intaneti ikikatika, printa inachapa kama kawaida, na faili zito linatoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa kebo bila kula bando. Hakikisha tu matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani) ni ya gigabiti. Ruta za bei ya chini mara nyingine huwekewa ya megabiti 100, na hilo huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi.

Wi-Fi yenyewe ni nzuri, si ya miujiza. Gigahezi 5 ni ya kasi lakini ukuta wa pili unaichosha, 2.4 inafika mbali, ila jirani zako wote wapo humo, na oveni ya maikrowevu pia. Niliihamisha kutoka chaneli ya otomatiki kwenda 11 (kwenye 2.4 zisizoingiliana ni 1, 6 na 11) na simu ya chumba cha mwisho ikaacha kukatakata. Iweke juu, katikati ya nyumba. Kuificha nyuma ya runinga ni kuionea.

Lawama ninazo. Programu yake ya simu inadai ufungue akaunti kabla ya kukuonyesha chochote, wakati ukurasa wa kwenye kivinjari unafanya yote bila kukuuliza jina. Haina tundu la USB. Taa zake usiku ni kero, ingawa kwenye mipangilio kuna pa kuzizima. Tena ukibonyeza kile kitufe cha ndani ya kitundu kwa muda mrefu, mipangilio yote inafutika, kwa hiyo hifadhi nakala yake kwenye kompyuta mapema.

Unayeishi peke yako na simu moja, baki na bando lako. Na mwenye nyumba ndefu ya kuta nene asinunue moja yenye antena nyingi. Anunue mbili za kawaida na azivutie kebo katikati.