The Compassionate Friends: faraja ya mtandaoni kwa mzazi aliyefiwa na mtoto

Matanga yakishaanuliwa na jamaa wakatawanyika, mzazi aliyezika mtoto hubaki na maneno aliyoachiwa: jikaze, kazi ya Mungu haina makosa, utajaliwa mwingine. Kwa mzazi huyo, iwapo anasoma Kiingereza bila taabu, huduma ya mtandaoni ya The Compassionate Friends ya Marekani inafaa kujaribiwa, ingawa ina mipaka yake.

Shirika hili lilianzia Coventry, Uingereza, mwaka 1969, baada ya kasisi wa hospitali, Simon Stephens, kuona kwamba familia mbili zilizofiwa na wavulana wao zilifarijiana kuliko alivyoweza yeye kuzifariji. Tawi la kwanza la Marekani lilifuata mwaka 1972. Msingi ni uleule hadi leo: wasimamizi ni watu wa kujitolea ambao nao wamefiwa, hakuna ada ya uanachama, wala hakuna dini inayotangulizwa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi vikundi vyao vya faragha vya Facebook vilivyogawanywa, kwani aliyefiwa na mtoto mchanga, aliyefiwa na mtoto wa pekee na ambaye mtoto wake alijiua, kila mmoja ana mahali pake. Si jambo dogo hilo. Kwetu, mama wa kijana aliyejiua hukatizwa hata kabla hajamaliza kulitaja jina la mwanawe. Katika kikundi kama hicho anaweza kuandika usiku wa manane kwamba sare ya shule bado imetundikwa kabatini, na asiambiwe aigawe.

Mazungumzo ya moja kwa moja yana shida ya saa: kipindi cha saa tatu usiku New York ni saa kumi au kumi na moja alfajiri Nairobi na Dar es Salaam. Afadhali mishumaa ya Jumapili ya pili ya Desemba, desturi iliyoanza mwaka 1997, ambayo kila familia huiwasha saa moja usiku kwa saa za mahali ilipo. Lugha ni kikwazo kikubwa zaidi, maana mtu anaweza kufanya kazi kwa Kiingereza mwaka mzima na bado akashindwa kulia kwa Kiingereza.

Haya si matibabu. Anayewaza kujidhuru anahitaji daktari au mshauri nasaha aliye karibu naye, tena bila kuchelewa. Anayejiunga naye achague kikundi kimoja tu na asijilazimishe kusoma kila kinachoandikwa humo, kwa sababu kupokea misiba ya wengine mfululizo huulemea moyo ambao tayari umeelemewa.