Django: mwanafunzi akiongezwa kozi, uchukue njia gani ya kutuma SMS?

Tuseme una mfumo wa shule ulioujenga kwa Django (zana ya Python ya kutengeneza tovuti), Mwanafunzi na Kozi umeziunganisha kwa ManyToManyField (mwanafunzi mmoja kozi nyingi, kozi moja wanafunzi wengi), na mteja anataka mzazi apate SMS mtoto akiingizwa kozi mpya. Kuandika kodi ya programu ni bure ila SMS zinalipiwa moja moja, kwa hiyo ukichagua vibaya utalia na salio. Mimi njia nazipanga hivi, bora kwanza.

Namba moja: tengeneza modeli yako ya katikati, yaani jedwali linalounganisha mwanafunzi na kozi, iite Usajili, afu fanksheni moja tu, sajili(), ndo iruhusiwe kuandika humo. Inakula muda kidogo mwanzoni lakini unapata pa kuweka tarehe na ada, na SMS unaifunga kwenye transaction.on_commit (inasubiri databesi ihifadhi kabisa) ili databesi ikigoma dakika ya mwisho mzazi asitumiwe habari za usajili ambao haupo. Tangu Django 2.2 ya 2019 unaweza kutumia add(), ile ya Django ya kuongeza mtu kwenye uhusiano, hata na modeli yako ya katikati, ila cheki hapa, add() inaingiza kwa mkupuo, post_save ya Usajili (signali, yaani taarifa ambayo Django inapiga kitu kikisevuwa) haistuki kabisa, utaisubiri mpaka uchoke.

Namba mbili ni m2m_changed, signali inayopigwa uhusiano wa ManyToManyField ukibadilika. Kama field ni ya kawaida na sekretari anafanyia kila kitu kwenye admin (kurasa za usimamizi za Django), hii inapanda juu, maana admin haijui sajili() yako ni nini. Sasa signali hiyo inapigwa pre_add (kabla ya kuongeza) na tena post_add (baada ya kuongeza), usipochuja action unatuma SMS mbili kwa mtoto mmoja, hela hiyo bana. Shika post_add tu, pk_set (seti ya namba za utambulisho) inakupa wapya peke yao, na usisahau reverse (inayokuambia umeongezea upande gani), maana ukiongezea upande wa mwanafunzi badala ya kozi, instance (kitu ulichoongezea) na pk_set zinabadilishana nafasi.

Ya tatu, kroni (kazi inayojiendesha yenyewe kila baada ya muda) inayopitia Usajili ambao safu ya imetumwa bado ni False. Watu wanaidharau bure tu. Kama uko kwenye hosting ya bei chee isiyokuachia kuendesha Celery na Redis (programu za kufanya kazi za nyuma ya pazia), chukua hii, mzazi akisubiri dakika 5 hafi mtu.

Triga ya Postgres (kodi inayokaa ndani ya databesi yenyewe na kujiendesha data ikibadilika) iko mkiani, kwa kumbukumbu za nani kaingia lini sawa, kwa SMS ni mateso, na mwenzako akisoma kodi ya Python haioni.

Post_save ya Kozi usiiguse kabisa. Admin inasevu kozi kwanza ndo inaandika wanafunzi, yaani ukisoma orodha pale unakuta ya zamani.