Uzoefu wangu na Memtest86+: programu ya bure iliyonionyesha kwa nini kompyuta yangu mpya ilikuwa inaanguka

Kompyuta yangu ya kuhariri video za harusi ilianza kusumbua ikiwa mpya kabisa. Vifaa nilivinunua kimoja kimoja Kariakoo na kuviunganisha nyumbani: prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi ya B550, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mbili za GB 8 kila moja za DDR4-3200, SSD, kadi ya picha na pawa saplai ya wati 650. Iliwaka mara ya kwanza, Windows 11 ikaingia bila shida. Baada ya hapo ikawa inaanguka ovyo. Siku moja inarenda video nzima ya ukumbini, yaani inaitengeneza kuwa faili la mwisho, bila kukohoa, siku ya pili inazima nikiwa nimefungua kivinjari tu. Na skrini ya bluu, ile inayotokea Windows inapoanguka, ilikuwa inabadilisha maneno: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA.

Kila niliyemwuliza alisema umeme. Huku kwetu umeme ndio mshukiwa wa kwanza wa kila kitu, na ukifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, unakuta kweli kumeandikwa Kernel-Power 41, kwa hiyo watu wanaona jibu limepatikana. Fundi mmoja alitaka ninunue pawa saplai kubwa zaidi papo hapo. Naomba hili lieleweke vizuri, maana linawala watu hela: kumbukumbu hiyo ya 41 huandikwa Windows inapowaka tena na kugundua kuwa mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu. Inasema mashine ilikatika. Haisemi kilichoikata. Pawa saplai mbovu inaweza kuleta ujumbe huo, na RAM mbovu pia, joto pia, hata mtoto akibonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda mrefu.

Mashine yangu ilikuwa kwenye UPS, na joto la prosesa nililisoma kwa HWiNFO, programu ya kuonyesha hali ya vifaa, wakati wa kurenda: halikukaribia nyuzi 90, ambazo ndizo kikomo cha prosesa hiyo. Kilichobaki kunishawishi ni ule ujumbe unaobadilikabadilika. Kadi ya picha au draiva ikiwa na tatizo, mara nyingi skrini ya bluu humtaja mtu yuleyule. Sehemu mbovu ya RAM ni kama kiti kilichovunjika kwenye daladala: leo anakikalia huyu, kesho yule, na kila anayeanguka ana jina lake.

Hapo ndipo Memtest86+ inapoingia. Ni programu huria, haina malipo, na haihitaji Windows. Unaipakua, unaiandika kwenye flashi, unawasha mashine kupitia flashi hiyo. Usiichanganye na MemTest86 isiyo na alama ya kujumlisha, ambayo ni ya PassMark na ina toleo la bure lenye mipaka na toleo la kulipia. Zote zina asili moja. Hii yenye alama ya kujumlisha iliandikwa upya na toleo la 6 likatoka mwaka 2022, na ndilo lililoanza kuwaka kwenye mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta), kwa hiyo ukipewa flashi yenye toleo la zamani usishangae ikigoma.

Kazi yake ni rahisi kuieleza: inaandika mpangilio fulani wa sifuri na moja kwenye kila sehemu ya RAM, kisha inasoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Kuna jaribio ambalo huandika, husubiri dakika kadhaa, halafu ndiyo husoma, ili kunasa RAM inayosahau polepole. Kwa GB 16 mzunguko mmoja kwangu ulizidi saa moja. Niliiacha usiku. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari ya makosa, kila mmoja na anwani yake, kilichotarajiwa na kilichopatikana. Nilifurahi kuliko mtu anayeona makosa anavyotakiwa kufurahi, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kukishika.

Lakini programu haikuambii kosa ni la RAM, la nafasi ya kuchomeka kwenye mazabodi, au la prosesa yenyewe. Hilo unalitafuta kwa mikono. Kwanza niliingia bayosi, yaani mipangilio ya msingi ya mazabodi, nikazima profaili ya XMP inayoipandisha RAM mwendo, kwa sababu mwendo ule wa 3200 kwenye RAM zangu unatumia volti 1.35 badala ya 1.2 za kawaida, na mazabodi nyingine hazikubali. Makosa yangekwisha hapo, ningejua tatizo ni mipangilio. Hayakwisha. Nikapima RAM moja moja katika nafasi ileile, ya pili kutoka kwenye prosesa. Moja ilipita mizunguko yote, nyingine ikatoa makosa. Nikaihamishia ile mbovu nafasi nyingine, makosa yakaifuata. Nikaichomeka ile nzima mahali palepale, kimya.

Dukani kijana aliichomeka kwenye mashine yake, Windows ikawaka, akaniambia, "Dada, hii nzima, si unaona inawaka?" Nilimwonyesha picha ya skrini ya Memtest86+ na nikamwomba aiache ipimwe mbele yangu. Ilipoanza kuhesabu makosa hatukubishana tena. Niliomba wabadilishe zote mbili, kwa sababu ziliuzwa kama jozi, wakakubali.

Wengi huishia hapo, na ndipo panaponiuma zaidi. Kila faili ulilonakili wakati RAM ni mbovu linapita kwenye RAM hiyo kwanza. Linaweza kuandikwa kwenye diski likiwa limeharibika na usipate onyo lolote. Nilifuta na kuweka Windows upya, kisha nikalinganisha video zilizokuwa kwenye SSD na zile za kadi za kamera kwa amri ya Get-FileHash, inayotoa hashi, yaani alama ya kidole ya faili. Mbili hazikulingana. Zilikuwa za harusi ya mtu, na kadi zile nilikuwa sijazifuta bado. Tangu hapo kadi hazifutwi mpaka hashi zilingane.

Kuhusu programu yenyewe, nina manung'uniko mawili. Kwenye toleo nililotumia ilinibidi nizime Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoidhinishwa wakati wa kuwasha, kwanza, jambo linaloweza kumtisha asiyezoea bayosi. Pia RAM ikipita haimaanishi mashine imepona: wakati wa kupima, kadi ya picha inakuwa imepumzika na kasha limepoa, wakati kazi halisi huchemsha kila kitu. Kwa hiyo RAM mpya zilipopita usiku mzima, niliwasha XMP, nikapima tena, halafu nikaendesha Prime95, programu ya kuitesa prosesa na RAM kwa kazi nzito, ndani ya Windows huku video ikirenda. Ilistahimili. Naipa nyota nne kati ya tano, na flashi yake sasa inakaa kwenye droo ya meza yangu ya kazi. Mashine yoyote ninayomuunganishia mtu inapimwa kwayo kabla Windows haijaingia.